Nani Anapima Gunia la Kilosa?

Muulize mkulima wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, gunia lake la mahindi lina kilo ngapi. Huenda akajibu kwa debe: "Debe sita." Mnunuzi aliyekuja na fuso kutoka Dar es Salaam atasema, "Mia, mia na kitu." Anayekata ushuru barabarani hataulizia kilo, atahesabu magunia. Bidhaa ni ileile na kila mmoja ana kipimo chake, lakini biashara inafungwa na fedha zinabadilisha mikono.

Hali hii si ya Kilosa peke yake. Dunia nzima ina vifungashio vyenye jina moja na ukubwa tofauti. Katika baadhi ya bidhaa tofauti hiyo haimuumizi mtu, katika nyingine inamfukarisha mkulima mwaka hadi mwaka. Kujua kwa nini kunasaidia kuamua serikali, halmashauri na wakulima wenyewe waelekeze nguvu wapi.

Kasha la mvinyo na kreti ya soda

Tuanze na bidhaa ya mbali kidogo na shamba la mahindi, ingawa mizabibu yake ipo Dodoma, mkoa unaopakana na Kilosa upande wa magharibi. Uingereza na Marekani, kasha la mvinyo kwa desturi ni chupa 12. Ufaransa, Italia na Ujerumani, kasha la chupa 6 ni jambo la kawaida, na Australia hutumia yote mawili. Mtu akikuambia ameagiza makasha kumi, bado hujajua kama ni chupa 120 au 60.

Hata hivyo, wafanyabiashara wa mvinyo hawagombani kwa sababu hiyo, kwa kuwa chupa yenyewe imefungwa na sheria. Marekani ilifanya vipimo vya metriki kuwa lazima kwa chupa za mvinyo mwaka 1979, na chupa ya mililita 750 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya mililita 757 hivi. Umoja wa Ulaya nao umeweka orodha ya ujazo unaoruhusiwa, na 750 ndiyo inayotawala. Kasha la 12 basi ni lita 9, la 6 ni lita 4.5. Takwimu za biashara ya mvinyo duniani huandikwa kwa makasha ya lita 9, hata pale ambapo kilichosafirishwa ni makasha ya sita sita. Pipa la Bordeaux la lita 225 linatoa chupa 300, yaani makasha 25 ya kumi na mbili au 50 ya sita. Hesabu haimpotezi mtu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo zito zaidi: kodi ya mvinyo hutozwa kwa lita au kwa kiasi cha kilevi kilichomo, haitozwi kwa kasha. Mfanyabiashara hana anachokwepa kwa kulifanya kasha lake kuwa kubwa au dogo. Ukubwa unaamuliwa na uzito ambao mtu anaweza kuubeba, nafasi ya dukani na mazoea ya wanunuzi.

Vivyo hivyo kwa kreti zetu. Kreti ya soda ina chupa 24. Kreti ya bia za nusu lita nchini Kenya na Uganda ina chupa 25. Trei ya mayai ina mayai 30, wakati Mwingereza huyanunua kwa dazeni au nusu dazeni. Mwenye duka haoni shida, kwa sababu kilichomo kinahesabika kwa macho na kila kimoja kina ukubwa unaojulikana.

Saruji nayo ni mfano mzuri. Mfuko wa Tanzania ni kilo 50. Ulaya mfuko wa kilo 25 umeenea, na Marekani mfuko wa kawaida umekuwa ratili 94, kama kilo 42 na nusu, kiasi cha kujaza futi moja ya ujazo. Nchi zinatofautiana, lakini uzito umepigwa chapa ubavuni na mfuko umefungwa kiwandani. Fundi wa Mikumi anajua amenunua nini kabla hajaufungua.

Ramani ya magunia

Tukija kwenye mazao, utofauti ni mkubwa zaidi. Tanzania bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 100. Kenya hutajwa kwa gunia la kilo 90, mabaki ya zama za Mwingereza, kwa kuwa ratili 200 ni karibu kilo 90.7. Zambia na Malawi hununua kwa magunia ya kilo 50. Uganda bei hutajwa zaidi kwa kilo. Ethiopia wana kipimo chao cha kilo 100 wanachokiita kuntal.

Kwa hiyo mtu anayesoma kwamba gunia Nairobi ni shilingi 3,600 za Kenya na kulilinganisha moja kwa moja na gunia la Morogoro amekosea kwa asilimia 11 kabla hajafika kwenye thamani ya fedha. Shilingi 3,600 kwa kilo 90 ni shilingi 40 kwa kilo. Gunia la kilo 100 kwa bei hiyohiyo lingekuwa shilingi 4,000. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo faida yote ya msafirishaji wa mpakani.

Mboga na matunda ndiyo zaidi. Taarifa za bei za Wizara ya Kilimo ya Kenya kwa miaka mingi zilitaja viazi kwa gunia la kilo 110, kabichi kwa gunia la kilo 126, karoti kwa gunia la kilo 138, nyanya kwa sanduku la kilo 64 na vitunguu kwa wavu wa kilo 13. Namba hizo zilitokana na magunia na masanduku ambayo wafanyabiashara walikuwa tayari wanayatumia. Serikali iliyapima, ikayaandika, na kwa kuyaandika ikayapa heshima ya kipimo.

Mazao ya kuuza nje, kwa upande mwingine, yamenyooshwa zamani. Takwimu za kahawa duniani huhesabiwa kwa gunia la kilo 60, na ndilo linalotumika Tanzania na Kenya. Colombia hufunga kwa kilo 70, nchi za Amerika ya Kati kwa kilo 69. Robota la pamba la Marekani ni ratili 480, la India ni kilo 170. Mkonge wa Tanzania, ambao mashamba yake yaliifanya Kimamba na vitongoji vyake vijulikane tangu enzi za ukoloni, hufungwa kwa marobota ya kilo 250. Ukubwa unatofautiana kama kasha la mvinyo linavyotofautiana, na madhara ni kidogo kama ya kasha la mvinyo, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo halipii robota. Analipia tani.

Hapo ndipo pa kutia alama. Kilosa imeuza mkonge kwa tani na sukari ya bonde la Kilombero hutoka kiwandani kwa mifuko yenye kilo zilizoandikwa, lakini wilaya hiyohiyo inauza mahindi, mpunga na vitunguu kwa gunia lisilopimwa. Mkulima mmoja anaishi katika masoko mawili yenye sheria mbili. Akienda kununua mbolea, anapewa mfuko wa kilo 50 ulioshonwa na kuandikwa. Akirudi kuuza alichovuna kwa mbolea hiyo, anaambiwa ajaze mpaka gunia lishibe.

Gunia ni ujazo, si uzito

Mzizi wa tatizo ni kwamba gunia, debe, sado na ndoo ni vyombo vya ujazo. Wazee wa pwani walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na mpaka leo zakatul fitri hutajwa kwa pishi kisha hufafanuliwa kwa kilo ili muumini asikosee. Karafuu na pembe zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16, kwenye mizani. Kwa hiyo hata biashara ya zamani ya Zanzibar ilijua kutenganisha: nafaka ya nyumbani kwa chombo, mali ya kusafirisha kwa mizani.

Ujazo mmoja hauna uzito mmoja. Gunia linalobeba kilo 100 za mahindi makavu litabeba mpunga wa kilo 75 mpaka 80 hivi, kwa sababu mpunga una maganda na hewa nyingi kati ya punje. Ukilijaza mkaa, uzito unashuka tena, na utategemea mti uliochomwa na ukubwa wa vipande. Mahindi yaliyovunwa mabichi yana uzito wa maji ambao utapotea njiani. Debe lililotikiswa na kugongwa chini linameza zaidi ya debe lililomiminwa taratibu. Kila moja ya hali hizi ni nafasi ya mtu mwenye uzoefu kumzidi mwenzake, na mwenye uzoefu kwa kawaida ni yule anayenunua mamia ya magunia kwa msimu, si yule anayeuza ishirini.

Juu ya hayo ndipo inapokuja lumbesa. Gunia likishajaa, mdomo wake huongezwa kwa kipande cha gunia jingine au hushonewa wavu wa kamba, na mzigo hurundikwa juu mpaka gunia liote kichwa. Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima ameuza magunia 40 kwa shilingi 60,000 kila moja, akiamini ni kilo 100, yaani shilingi 600 kwa kilo. Kama kila gunia limebeba kilo 120, ameuza kwa shilingi 500 kwa kilo. Katika magunia 40 ametoa kilo 800 bila kulipwa, nayo ni magunia manane ya kilo 100. Ekari nzima ya mkulima mdogo mara nyingi haitoi kiasi hicho.

Kinachovimbisha gunia

Ni rahisi kusema lumbesa ni tamaa ya mlanguzi. Tamaa ipo, lakini haielezi kwa nini hakuna lumbesa ya saruji. Maelezo ya kuridhisha zaidi ni kwamba mlolongo mzima kuanzia shamba hadi soko unatoza kwa gunia. Mpakiaji hulipwa kwa gunia. Mwenye lori hukubaliana nauli kwa gunia. Ghala hutoza kwa gunia. Dalali huchukua chake kwa gunia. Ushuru wa mazao kisheria ni asilimia ya thamani, na tangu 2017 ulipunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, lakini kwenye kizuizi cha barabarani njia nyepesi ya kuikadiria thamani ni kuhesabu magunia. Mahali ambapo kila gharama inatozwa kwa gunia, mfanyabiashara anayejaza kilo 100 anashindwa na anayejaza kilo 130. Mfumo wenyewe unavimbisha gunia.

Mkaa unathibitisha hoja hii, na Kilosa inaujua mkaa vizuri. Tangu 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, kwa ufadhili wa Uswisi, wamefanya kazi na vijiji vya wilaya hii katika uvunaji endelevu, ambapo kijiji hutenga sehemu ya msitu wake, hupanga zamu za kukata na hukusanya mapato yake chenyewe. Mpango wa namna hiyo unahitaji kujua ni kiasi gani kimetoka msituni. Kama tozo ni ya gunia na gunia halina uzito, kijiji kinapoteza mara mbili: fedha zinapungua na rekodi ya msitu inadanganya. Ndiyo maana suala la kilo za mkaa ni suala la uhifadhi pia.

Kuna kinaya kingine katika barabara kuu ya TANZAM inayopita Mikumi. Lori lililobeba magunia haya litasimama kwenye mizani ya TANROADS, kama ile ya Mikese, na kupimwa ekseli kwa ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka kikomo cha jumla cha tani 56, na kilo zinazozidi zina adhabu. Lami ya taifa inalindwa kwa kilo. Mkulima aliyejaza lori hilo hajaona mizani hata mara moja.

Je, lumbesa ni wizi?

Wapo wanaoitetea, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema kila mtu anajua gunia la lumbesa ni kubwa, kwa hiyo bei yake tayari imezingatia ukubwa huo. Ukilipunguza gunia, bei nayo itapungua, na mkulima atabaki alipokuwa. Kwa nadharia hoja ni sahihi: kasha la chupa 12 lina bei mara mbili ya kasha la 6, na hakuna aliyeibiwa.

Udhaifu wake uko kwenye maneno "kila mtu anajua". Mnunuzi anajua mzigo utatoa kilo ngapi, kwa kuwa ukifika Tandale au Manzese utauzwa kwa kilo. Anajua bei ya kilo huko pia. Mkulima hajui kilo, na bei ya mjini anaisikia kwa watu. Katika makubaliano ambayo upande mmoja unajua kipimo na mwingine unakisia, bei haiwezi kuzingatia ukubwa kwa haki. Zaidi ya hapo, lumbesa haina ukubwa maalumu. Mwaka wa mavuno haba gunia hunywea, mwaka wa neema hunenepa. Bei inatajwa ileile, huku gunia likifanya kazi ya kuishusha kimyakimya.

Kuna pia mhitaji ambaye hana nafasi ya kubishana. Aliyekopeshwa na mnunuzi kabla ya mavuno, mwenye ada ya shule ya kulipa, au ambaye mvua za masika zinakaribia kuifunga barabara yake, atajaza anavyoambiwa. Akikataa peke yake, fuso litaenda kijiji cha pili.

Na yuko mtu mwingine anayesahaulika katika mjadala huu: mbebaji. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la kawaida la Tanzania ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa inazidi mara mbili. Hata kama bei ingekuwa ya haki kabisa, mgongo wa kijana wa stendi bado ungekuwa unalipa.

Sheria imefika wapi

Tanzania haijakosa sheria. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 una kazi ya kuisimamia, ikiwemo kuhakiki mizani na kupiga vita vifungashio vya mazao vinavyozidi kilo 100. Operesheni dhidi ya lumbesa hutangazwa karibu kila msimu. Tatizo ni mahali zinapofanyikia. Kukamata gunia barabarani ni kulikamata baada ya mkulima kulipwa. Faini inaingia serikalini, na kilo 20 zilizozidi hazirudi Mabwerebwere.

Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Utekelezaji umekuwa wa kupanda na kushuka, na sababu inafundisha: kaunti moja ikibana, wanunuzi huhamia kaunti jirani. Nyandarua peke yake haiwezi kushinda kama Nakuru na Meru zimelegeza. Ndivyo itakavyokuwa kwa Kilosa ikibana huku Gairo na Mvomero zikiachia.

Mfano uliofanya kazi zaidi hapa nchini ni stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na ilianza kushika kasi kwa korosho za kusini msimu wa 2007/08. Mfumo huo una kasoro zake, malipo kuchelewa yakiwa malalamiko ya kudumu. Lakini katika jambo moja ulibadilisha mchezo: korosho hupimwa ghalani, mkulima anapata karatasi yenye kilo, na mnada unafanyika kwa bei ya kilo. Ukubwa wa gunia umekuwa suala la ushonaji tu.

Pa kuelekeza nguvu

Kutokana na ulinganisho huu, kuzifanya nchi zote zitumie gunia moja si jambo la haraka wala la lazima. Kenya inaweza kubaki na kilo 90 na Tanzania na 100, kama ambavyo makasha ya mvinyo yamebaki tofauti kwa vizazi bila kumdhuru mnunuzi. Cha lazima ni kilichomo kijulikane kabla ya bei kutajwa, na gharama zitozwe kwa kilichomo, zisitozwe kwa chombo.

Kwa Kilosa hilo lina maana ya hatua nne. Kwanza, kila ghala la chama cha msingi na kila gulio kubwa liwe na mizani iliyohakikiwa na yenye stika, inayotumiwa na yeyote kwa ada ndogo. Pili, halmashauri itoze ushuru kwa kilo zilizopimwa, ili gunia nene lisimpe mtu nafuu. Tatu, bei zinazosomwa redioni na kubandikwa ofisi za kata zitajwe kwa kilo, gunia lifuate baadaye. Nne, gunia la kilo 50 liwe kikomo cha mzigo unaobebwa na mtu, kwa makubaliano ya wilaya zote za Morogoro na si Kilosa peke yake.

Mkulima naye asisubiri yote hayo. Wakulima kumi wakichanga, mizani moja inanunulika, na kikundi chenye mizani hakiombi kuaminiwa. Bei ya kilo ikitajwa kwanza, mnunuzi yuko huru kuleta gunia la ukubwa wowote anaoupenda.